Msafara wa machipuko: Siku ambayo watoto wa chekechea Mexico huwa nyuki na maua

KILA mwaka ifikapo Machi 21 au siku zinazoikaribia, mitaa ya miji na vijiji vya Mexico hujaa nyuki, vipepeo, sungura na maua yanayotembea kwa miguu miwili. Hao ni watoto wa shule za chekechea, wenye umri wa kati ya miaka mitatu na mitano au sita, ambao siku hiyo huvishwa maleba na kuongozwa barabarani na walimu wao ili kuyakaribisha majira ya machipuko.

Kwa mpita njia asiyejua, huo ni mchezo tu wa watoto wadogo. Lakini kwa wenyeji, msafara huo, ambao kwa Kihispania huitwa 'desfile de la primavera', una uzito wake. Kwa watoto wengi ndiyo mara ya kwanza kusimama mbele ya mji wao kama wanafunzi, majirani wakiwatazama na kuwapigia makofi. Ni siku ya kutambulishwa.

Ndiyo maana pia sherehe hiyo huzua maswali ambayo si ya kitoto hata kidogo: nani agharimie maleba, nani avishwe taji la malkia, na mtoto ambaye mzazi wake hakumudu kununua mbawa za kipepeo awekwe wapi.

Siku moja, sababu mbili

Nchi zilizo mbali na ikweta huwa na majira manne kwa mwaka: baridi, machipuko, joto na majani kupukutika. Machipuko huanza rasmi upande wa kaskazini wa dunia siku ambayo jua huvuka ikweta likielekea kaskazini, na urefu wa mchana na wa usiku hukaribia kulingana kote duniani. Siku hiyo saa sita adhuhuri jua huwa wima juu ya maeneo yaliyo kwenye mstari wa ikweta, yakiwemo ya Nanyuki nchini Kenya. Kwa wakazi wa Mexico, iliyo kaskazini mwa mstari huo, hiyo ni ishara kwamba mchana utaendelea kurefuka hadi Juni.

Kwa hesabu za kinajimu, siku hiyo haidumu katika tarehe moja. Katika miaka ya hivi karibuni jua limekuwa likivuka ikweta Machi 20, na mwaka 2024 lilivuka usiku wa Machi 19 kwa saa za jiji la Mexico. Hata hivyo, desturi ya shule imeshikilia Machi 21, na ipo sababu nyingine ya kufanya hivyo.

Machi 21, 1806, katika kijiji cha Guelatao kwenye milima ya jimbo la Oaxaca, alizaliwa Benito Juárez, mtoto wa jamii ya Wazapoteki. Alifiwa na wazazi wake wote wawili akiwa na umri wa miaka mitatu, akalelewa na jamaa zake na kuchunga kondoo. Mwaka 1818, akiwa na miaka 12 na akijua Kihispania kidogo mno, alitembea kwa miguu hadi mji wa Oaxaca, ambako dada yake alikuwa mtumishi wa nyumbani. Akasoma, akawa wakili, gavana wa jimbo lake, na kuanzia 1858 hadi kifo chake Julai 1872 akawa Rais wa Mexico.

Kwa hivyo siku ya maua ni siku ya shujaa wa taifa pia. Katika shule nyingi asubuhi hiyo huanza kwa heshima za bendera na maelezo mafupi kuhusu maisha ya Juárez, ndipo mbawa na vipapasio vifungwe. Si ajabu kumwona katikati ya kundi la vipepeo mtoto mmoja aliyevaa kofia ya majani makavu na blanketi begani, akiwa amekumbatia kondoo wa pamba. Huyo huwa ni Juárez mchungaji.

Mnamo 2006 sheria ilibadilishwa, na mapumziko rasmi ya kumkumbuka Juárez yakahamishiwa Jumatatu ya tatu ya Machi. Tangu wakati huo shule hujichagulia siku inayofaa. Baadhi huandaa msafara Ijumaa inayotangulia mapumziko hayo, na nyingine husubiri tarehe 20 au 21 yenyewe ikiwa ni siku ya masomo.

Si Pasaka wala tambiko

Mgeni anayeona sungura na vifaranga barabarani mwezi Machi anaweza kudhani kwamba hiyo ni sherehe ya Pasaka. Sivyo. Ibara ya 3 ya Katiba ya Mexico ya 1917 inaagiza kwamba elimu ya umma isifungamane na dini yoyote, na serikali ya Juárez ndiyo iliyotunga sheria zilizotenganisha kanisa na dola. Sherehe ya machipuko haina ibada wala mtakatifu, hivyo mtoto wa Mkatoliki, wa Mprotestanti na wa asiye na dini wote wanaweza kuandamana pamoja bila mzazi yeyote kulalamika.

Wapo pia wanaopenda kuinasibisha sherehe hii na enzi za kabla ya Wahispania. Ni kweli kwamba watu wa kale wa Mexico walikuwa na heshima kubwa kwa maua. Bernardino de Sahagún, mtawa wa karne ya 16 aliyeandika kwa kina kuhusu maisha ya Waazteki, anaeleza kwamba katika mojawapo ya miezi ya kalenda yao walitoa sadaka ya maua ya kwanza ya mwaka, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kuyanusa kabla ya sadaka hiyo kutolewa. Hata leo, maelfu ya watu waliovalia nguo nyeupe hufurika kwenye piramidi za Teotihuacan ifikapo siku hiyo ya Machi. Wengine huenda Chichén Itzá huko Yucatán kutazama kivuli kinachofanana na nyoka kikiteremka kandoni mwa ngazi za piramidi.

Hata hivyo, msafara wa watoto una chimbuko lililo karibu zaidi. Chimbuko hilo ni shule ya chekechea yenyewe.

Bustani ya watoto

Mwalimu wa Kijerumani Friedrich Froebel, aliyeishi kati ya 1782 na 1852, alifungua kituo cha kuwalea na kuwafunza watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg mnamo 1837. Miaka mitatu baadaye alikipa jina ambalo maana yake ni 'bustani ya watoto'. Kwake hilo halikuwa jina la mapambo. Aliamini kwamba mtoto hukua kama mmea, kwamba mwalimu ni mtunza bustani, na kwamba mtoto anapaswa kupewa kipande cha ardhi apande mbegu na kuona kwa macho yake jinsi uhai unavyochipuka.

Fikra hizo zilifika Mexico katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Mnamo 1904, walimu wawili wanawake, Estefanía Castañeda na Rosaura Zapata, walishika usukani wa shule za kwanza rasmi za aina hiyo katika jiji la Mexico. Mojawapo ilipewa jina la Froebel, na nyingine jina la Pestalozzi, mwanafalsafa wa elimu wa Uswisi. Jina la Kihispania likatafsiriwa neno kwa neno: 'jardín de niños', yaani bustani ya watoto. Wazazi wa leo hufupisha na kusema 'kínder'.

Katika shule yenye jina kama hilo, ni jambo la kawaida mwalimu kumwambia mtoto kwamba yeye ni ua. Msafara wa Machi umeichukua tamathali hiyo na kuitoa darasani hadi barabarani.

Zamani msafara huo ulikuwa wa wachache, kwa sababu watoto wengi walianza masomo moja kwa moja darasa la kwanza la msingi. Hali ilibadilika mwaka 2002, Katiba iliporekebishwa na elimu ya chekechea ikafanywa ya lazima kwa miaka mitatu. Agizo hilo lilianza kutekelezwa kwa awamu katika mwaka wa masomo wa 2004-2005. Kwa hivyo sherehe ya machipuko ni jambo ambalo karibu kila familia yenye mtoto mdogo hulazimika kujiandaa kwalo, iwe katika mtaa wa matajiri au kijijini mlimani.

Machipuko yasiyo na theluji

Picha za machipuko zilizokuja na vitabu vya Ulaya huonyesha theluji ikiyeyuka na majani ya kijani yakitokeza. Sehemu kubwa ya Mexico haina habari hizo. Mwezi Machi, wakati mkulima wa Kenya anapotazama mawingu akisubiri masika, nyanda za kati za Mexico huwa katika kilele cha ukame. Nyasi ni za rangi ya kahawia, vumbi limetanda, na joto linazidi kupanda hadi mvua zianze Mei au Juni.

Hata hivyo yapo mambo mawili yanayoyafanya machipuko ya Mexico yawe halisi.

La kwanza ni mijakaranda. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Aprili, barabara za jiji la Mexico hugeuka zambarau kwa maua ya miti hiyo, jinsi zinavyogeuka barabara za Nairobi kuanzia mwezi Septemba hadi Novemba. Asili ya mti huo ni Amerika Kusini, na kuenea kwake jijini Mexico kunahusishwa na Tatsugoro Matsumoto, mtunza bustani Mjapani aliyehamia nchini humo mwishoni mwa karne ya 19. Inasimuliwa kwamba serikali ilipotaka kupanda micheri ya Kijapani mwanzoni mwa miaka ya 1930, ushauri uliotolewa ulikuwa kwamba majira ya baridi ya Mexico hayana baridi ya kutosha kuifanya miti hiyo ichanue. Mijakaranda ikapata nafasi.

La pili ni vipepeo. Mamilioni ya vipepeo wa rangi ya chungwa na nyeusi wanaojulikana kama monaki huwasili kila mwaka karibu na mwanzo wa Novemba kutoka Kanada na Marekani, na kupitisha baridi katika misitu ya milimani ya majimbo ya Michoacán na Mexico. Mwezi Machi huanza safari ya kurudi kaskazini. Hifadhi yao, yenye zaidi ya hekta 56,000, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kwa hivyo mtoto anayevaa mbawa za chungwa mwezi huo haigizi hadithi ya mbali. Anaigiza jambo linalotendeka nchini mwake wiki hiyo hiyo.

Vivyo hivyo kwa nyuki. Katika rasi ya Yucatán, Wamaya wamefuga nyuki wasiouma tangu kale. Mwalimu mwenye bidii hutumia wiki za kuelekea msafara kuwaeleza watoto jinsi nyuki anavyobeba chavua kutoka ua moja hadi jingine, na kwa nini pasipo nyuki hapana maboga wala maparachichi ya kutosha. Siku ya msafara, 'nyuki' hupangwa karibu na 'maua' kwa sababu.

Kazi ya mikono ya wazazi

Maandalizi huanza wiki kadhaa kabla. Shule hutuma ujumbe kwa wazazi ukieleza kila darasa litavaa nini. Baadhi ya shule huwapa watoto wa mwaka wa kwanza maua, wa mwaka wa pili wanyama, na wa mwaka wa tatu wadudu. Nyingine humwachia kila mzazi achague mwenyewe.

Mzazi anayejua kushona hutumia karatasi laini za rangi, sponji nyembamba, kitambaa chepesi cha wavu, gundi na waya. Mbawa za kipepeo hukatwa kwenye boksi kuukuu na kupakwa rangi. Vipapasio ni waya uliofungwa kwenye kibanio cha nywele na kuwekwa mpira mdogo wa pamba nchani. Petali za alizeti hushonwa kwenye kofia, uso wa mtoto ukabaki katikati kama mbegu. Kile kidudu chekundu chenye madoadoa meusi, kinachopendwa mno na watoto wa huko, hutengenezwa kwa fulana nyekundu na miduara ya kitambaa cheusi.

Asiyejua kushona huenda sokoni. Katika jiji la Mexico, soko la Sonora, linalojulikana zaidi kwa mitishamba na vifaa vya waganga, pia ni mahali pa kununulia maleba na mapambo ya sherehe. Katika miji midogo wapo mafundi cherehani ambao kwao Machi ni mwezi wa mavuno, na maduka yanayokodisha maleba kwa siku moja.

Siku yenyewe ikifika, msafara huanza mapema kabla jua halijakuwa kali. Barabara chache zinazoizunguka shule hufungwa kwa msaada wa polisi wa trafiki wa manispaa. Mbele hutangulia bango lenye jina la shule, kisha malkia na mfalme wa machipuko juu ya pikapu au mkokoteni uliopambwa, halafu madarasa kwa utaratibu. Wengine huja na baiskeli za magurudumu matatu zilizozungushiwa maua ya karatasi. Nyuma hufuata wazazi wakiwa na chupa za maji, mwavuli na viatu vya akiba.

Muziki hutoka kwenye vipaza sauti, au kwa bendi ya tarumbeta pale inapopatikana. Nyimbo za Francisco Gabilondo Soler husikika mara nyingi. Mtunzi huyo, mzaliwa wa Orizaba katika jimbo la Veracruz, alianza kuwaimbia watoto katika redio ya XEW mwaka 1934 akijiita Cri-Cri, nyenje mwimbaji, na ulimwengu wa nyimbo zake umejaa wadudu na wanyama wanaozungumza.

Majirani husimama milangoni. Watoto huwarushia peremende, nao hurushiwa maua na karatasi za rangi. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na maana ya methali hiyo huonekana wazi asubuhi hiyo. Mwenye duka humwita nyuki kwa jina lake halisi. Bibi aliyeketi kwenye kiti cha plastiki humtambua mjukuu wake ndani ya petali. Mtoto ambaye hadi siku hiyo alijulikana nyumbani na darasani tu, sasa anajulikana mtaani.

Taji na kikapu cha pesa

Pamoja na furaha hiyo yote, sherehe ya machipuko ina malalamiko yake ya kila mwaka, na kubwa zaidi ni gharama.

Maleba ya machipuko si ya kwanza wala ya mwisho katika mwaka wa shule. Septemba watoto huvalishwa mavazi ya kukumbuka uhuru. Novemba 20 huvaa kama wapiganaji wa Mapinduzi ya 1910, wavulana wakichorwa masharubu. Desemba huwa wachungaji na malaika katika maigizo ya Krismasi, hasa katika shule za binafsi. Baada ya Machi inakuja Aprili 30, Siku ya Mtoto, inayoadhimishwa nchini humo tangu 1924, kisha Mei 10, Siku ya Mama, ambapo watoto hucheza ngoma mbele ya mama zao. Familia yenye watoto wawili katika chekechea hujikuta ikinunua vazi la saa mbili mara nyingi kwa mwaka mmoja.

Sheria iko upande wa mzazi. Katiba inasema elimu ya umma ni bure, na Sheria Kuu ya Elimu ya 2019 inakataza malipo yoyote yanayotumiwa kama sharti la mtoto kupata huduma hiyo. Michango ya wazazi ni ya hiari. Lakini hiari ya kwenye karatasi na hiari ya mlangoni pa shule ni vitu viwili tofauti. Hakuna mwalimu anayeweza kumfukuza mtoto kwa kukosa mbawa, ila mtoto mwenyewe hujiona yuko peke yake akiwa na sare ya kawaida katikati ya bustani nzima. Baadhi ya wazazi huona afadhali kumwacha mtoto nyumbani siku hiyo. Hapo ndipo sherehe ya kumtambulisha mtoto inapogeuka kuwa ya kumficha.

Jambo la pili ni taji. Katika shule kadhaa malkia wa machipuko huteuliwa kwa kuuza kura. Kila familia ya mgombea hupewa tikiti za kuwauzia jamaa na majirani, kila tikiti ikiwa kura moja, na fedha hutumika kukarabati paa, kununua rangi au kujenga kivuli cha uwanja. Anayeuza nyingi zaidi ndiye hushinda. Wanaoutetea utaratibu huo husema kwamba shule nyingi zisingekuwa na hata tangi la maji bila fedha hizo. Wanaoupinga hujibu kwamba unamfundisha msichana wa miaka minne kuwa heshima hununuliwa, na kwamba mshindi huwa ni yule mwenye wajomba wengi wenye mifuko mizito.

Shule zilizochoshwa na ugomvi huo zimetafuta njia nyingine. Zipo zinazopiga kura ya bahati nasibu, jina la mtoto yeyote likaweza kutoka kwenye kofia. Zipo zilizoondoa kabisa malkia na mfalme, watoto wote wakavaa mataji ya maua ya karatasi waliyotengeneza darasani.

Kuhusu maleba, baadhi ya walimu wameagiza yatengenezwe kwa vitu vilivyokwisha kutumika: magazeti, mifuko, chupa za plastiki na maboksi. Nia ni njema, kwani huokoa fedha na kufunza utunzaji wa mazingira. Lakini penye mashindano na zawadi, hata vazi la takataka huweza kuwa ghali, mzazi akimlipa fundi alitengeneze ili mwanawe ashinde. Njia ambayo huelekea kupunguza mzigo zaidi ni ile ya kazi kufanyikia shuleni, mtoto akipaka rangi mbawa zake mwenyewe kwa vifaa vya darasa, pamoja na kabati la maleba ya miaka iliyopita ambamo familia hurudisha na kuazima.

Nani awe ua, nani awe simba

Mjadala mwingine unahusu majukumu ya wavulana na wasichana. Kwa miaka mingi ilikuwa kama sheria isiyoandikwa kwamba wasichana ni maua na vipepeo, na wavulana ni simba, vyura na nyuki. Siku hizi wapo walimu wanaomuuliza kila mtoto anataka kuwa nini kabla ya kuwaandikia wazazi. Majibu huwa ya kushangaza: msichana akataka kuwa buibui, mvulana akataka kuwa alizeti, na mwingine akasema anataka kuwa jua.

Lipo pia suala la afya. Jiji la Mexico liko katika kimo cha mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua la Machi huchoma. Vazi la sungura lenye manyoya linaweza kumchosha mtoto wa miaka mitatu kabla hajafika kona ya pili. Ndiyo sababu njia ya msafara haipaswi kuwa ndefu, na wazazi wazoefu huchagua vazi jepesi linalovaliwa juu ya fulana. Baadhi ya shule zimeacha kutoka nje kabisa. Kwa sababu ya jua, magari au hofu ya usalama, msafara huzunguka uwanja wa shule na wazazi hukaribishwa ndani. Hupungua watazamaji, lakini watoto hupumua.

Misimu miwili ya kimya

Thamani ya sherehe hiyo ilidhihirika zaidi ilipokosekana. Katikati ya Machi 2020 serikali ya Mexico ilitangaza kwamba masomo yangesitishwa kuanzia Machi 23 kutokana na janga la Covid-19. Misafara mingi iliyokuwa imepangiwa wiki hiyo ikafutwa, maleba yakiwa tayari yameshonwa. Kuanzia Agosti 2020 masomo yaliendeshwa kwa televisheni na intaneti. Machi 2021 ilipofika, watoto waliovaa mbawa walizivaa sebuleni mbele ya simu ya mzazi.

Shule zilifunguliwa tena Agosti 30, 2021. Hivyo Machi 2022 ilikuwa ya kwanza baada ya janga kuwakuta watoto madarasani. Wengi waliokuwa mwaka wa mwisho wa chekechea wakati huo walikuwa wameanza shule mbele ya skrini na hawakuwahi kuandamana hata mara moja. Majirani wa mtaa wao hawakuwa wamewaona kama darasa.

Kwa kulinganisha na mambo makubwa ya elimu, kama vile kusoma na kuhesabu, kukosa msafara kunaweza kuonekana jambo dogo. Lakini mtoto wa miaka minne hajui bado maana ya taifa, manispaa wala jamii. Anachojua ni kwamba asubuhi moja magari yalisimama ili yeye apite, na watu wazima walimtazama kwa furaha. Hilo ndilo somo la kwanza la uraia analopewa, na hutolewa bila ubao wala chaki.

Somo hilo hukamilika pale tu kila mtoto anapokuwemo. Kwa hivyo mwalimu mkuu anayepanga msafara wa Machi hana budi kuanza na orodha ya majina, ahakikishe kuwa hakuna atakayebaki nyumbani kwa kukosa boksi na rangi, ndipo aulizie kuhusu bendi, pikapu na taji. Mbawa za boksi kuukuu hazimzuii nyuki kuandamana na wenzake.